Muda Ni wa Mchezaji

Kabla ya kuitwa kwenye kazi ya gemu nilikuwa nimetunga nyimbo za kusikilizwa kwa miaka mingi. Wimbo wa kusikilizwa una mwanzo na una mwisho, na mtunzi ndiye anayepanga kibwagizo kiingie lini, ngoma zinyamaze lini, sauti ipande mpaka kileleni dakika ya ngapi. Kwenye gemu mamlaka hayo anayo mtu mwingine. Mchezaji mmoja anapita chumba kwa sekunde nane, mwenzake anakwama humohumo nusu saa, na wote wawili wanasikia muziki uleule nilioandika mimi bila kujua nani atakuwa wapi na kwa muda gani. Karibu kila nilichojifunza katika kazi hii kinatoka hapo.

Gemu yenyewe ni ndogo, ya timu ya watu wachache. Mchezaji anashuka mapangoni na taa ya mafuta mkononi, anatafuta njia ya kutokea upande wa pili. Mafuta yakipungua mwanga unafifia, na mwanga ukififia viumbe wa gizani wanaanza kusogea. Maelezo niliyopewa na msanifu wa gemu yalikuwa mafupi: dakika tatu za muziki wa wasiwasi. Nikamuuliza, wasiwasi wa nani? Wa mtu aliyesikia kitu kikikwaruza mbali, au wa mtu anayekimbia huku taa inazimika? Akacheka, akasema, "Wote wawili, kaka, tena ndani ya dakika hiyohiyo." Tukakaa chini tukaandika hali ambazo mchezaji anaweza kuwa nazo humo ndani: utulivu, mashaka, kufukuzwa, na ile ya kusimama mbele ya mlango wenye fumbo akikuna kichwa. Hali nne. Ndipo nilipoanza kufikiria noti.

Wazo la muziki unaofuata hali badala ya saa lina umri mkubwa. Space Invaders, gemu ya kampuni ya Taito iliyotoka mwaka 1978, ina noti nne tu za besi zinazoshuka na kujirudia bila kukoma. Kadiri maadui wanavyopungua na kuongeza kasi, noti nazo zinakwenda kasi, na anayecheza anajikuta anapumua kwa kuzifuata. Noti nne! Nimerudi kuzisikiliza mara nyingi, kwa sababu hofu ile haikuletwa na wingi wa ala. Ililetwa na muziki uliojua kinachotokea kwenye skrini. Mfano mwingine ninaoupenda ni wa Koji Kondo, mtunzi wa Nintendo, katika Super Mario World ya mwaka 1990: ukimpanda Yoshi, yule dinosa, ngoma za bongo zinaingia juu ya muziki uliokuwa ukiendelea, na ukishuka zinaondoka. Hakuna wimbo mpya ulioanza. Tabaka moja la mdundo limekuja likaenda zake, na masikio ya mchezaji yamepata habari kabla hajaifikiria.

Njia hiyo ya matabaka ndiyo niliyoichagua. Niliandika faili nne zenye urefu sawa kabisa, zinazoanza pamoja na kwenda pamoja muda wote, ila sauti ya baadhi yake imeshushwa mpaka haisikiki. Tabaka la kwanza ni ala za nyuzi nzito zinazoshikilia noti mbili, la na mi, bila noti ya katikati. Noti ya katikati ndiyo inayosema kama kordi, yaani noti zinazolia pamoja, ina huzuni au furaha, na kuiacha wazi kulinipa uhuru wa kuamua baadaye kwa matabaka ya juu. Tabaka la pili ni marimba inayogonga taratibu. La tatu ni ngoma za sauti ya chini. La nne ni trombone pamoja na fidla zinazokata noti fupifupi, na hilo husikika pale tu mtu anapofukuzwa.

Hapa ndipo niliposhika adabu ya upangaji. Kwenye wimbo wa kawaida ukiacha pengo kwenye gita, unalijaza kwa kinanda, na msikilizaji anasikia vyote viwili vikijibizana. Kwenye matabaka huwezi kuacha pengo linalosubiri ngoma, kwa sababu huenda ngoma zisije kabisa. Tabaka la kwanza lazima liweze kukaa peke yake dakika mbili bila kuonekana uchi. La kwanza na la pili yakiwa pamoja lazima yatosheleze. Yote manne yakilia kwa mpigo lazima pabaki nafasi ya kupumua. Nilikuwa nafumba macho na kuwasha na kuzima matabaka ovyoovyo, na kila nilipopata mchanganyiko unaosikika kama kuna mtu ametoka chumbani akiwa katikati ya sentensi, nilirudi kuandika upya. Marimba ilibadilika zaidi ya ala nyingine zote. Mwanzo ilikuwa inajibu ngoma. Mwisho ikawa inasema sentensi zake zenyewe, fupi, zenye kituo, na ngoma zikaja kupita chini yake.

Kasi niliiweka mapigo 96 kwa dakika, na nilikuwa na sababu. Kwa kasi hiyo kipimo kimoja cha mapigo manne kinachukua sekunde 2.5 kamili, na vipimo 32 vinafika sekunde 80. Kompyuta ikicheza sampuli 48,000, yaani vipande vidogo mno vya sauti, kwa sekunde, kipimo kimoja ni sampuli 120,000 bila masalia. Wale wanaotunga nyimbo za kawaida hawana haja ya kujua hesabu hii, lakini ukiiambia injini ya gemu, ile programu inayoiendesha, ibadilishe tabaka mwanzo wa kipimo, namba isiyo na masalia inakuepusha na faili zinazoteleza kidogokidogo mpaka ngoma na marimba zikaachana. Urefu wa kipimo pia ndio urefu wa kusubiri. Mashaka yanaweza kusubiri sekunde 2.5, maana mtu mwenyewe hana uhakika alichosikia. Kufukuzwa hakuwezi.

Mwandishi wa programu wetu ndiye aliyeliona hilo kwanza. Alinipigia simu jioni moja akasema, "Kaka, kiumbe ameshamrukia mtu shingoni, muziki wako bado unasubiri kipimo kiishe." Na alikuwa sahihi. Tukajaribu kubadilisha kwa pigo badala ya kipimo, sekunde 0.625, na bado jicho lilikuwa linatangulia sikio. Suluhisho likawa kishindo: sauti fupi isiyosubiri chochote, inayolia sekunde ileile kiumbe anapoiona taa, halafu tabaka la nne linaingia chini ya mwangwi wake kwenye pigo linalofuata. Sikio linapokea kishindo kama sehemu ya muziki na halijali kwamba mdundo wenyewe umechelewa kidogo. Lakini kishindo kinaweza kuangukia popote, juu ya kordi yoyote, katikati ya sentensi yoyote ya marimba. Kwa hiyo nilikijenga kwa ngoma kubwa na upatu, vitu visivyo na noti maalumu, na chini yake nikaweka la na mi peke yake, zile noti mbili ambazo tabaka la kwanza linazishika muda wote. Hakijawahi kugombana na kitu.

Kushuka kutoka kwenye hatari kulihitaji uvumilivu kuliko kupanda. Mtu akiponyoka, moyo wake hautulii papo hapo, na muziki unaorudi kwenye utulivu ghafla unamwambia uongo. Tulifanya ngoma zipungue katika vipimo vinne, yaani sekunde kumi, huku fidla zikitangulia kuondoka. Kuna jambo jingine tuliloliona kwa kutazama watu wakicheza: kiumbe anaweza kuipoteza taa nyuma ya mwamba, akaiona tena, akaipoteza tena, yote ndani ya muda mfupi. Muziki unaofuata kila badiliko la namna hiyo unakuwa kama mtoto anayechezea swichi ya taa. Tukaweka sheria kwamba hatari ikishawaka haizimwi mpaka zipite sekunde sita mfululizo bila kiumbe kuiona taa. Sekunde hizo sita hazimo kwenye noti yoyote niliyoandika, lakini naziona kuwa sehemu ya utunzi sawasawa na kordi.

Swali la kasi wakati wa kufukuzwa lilinisumbua kidogo. Sikuweza kuongeza kasi halisi, kwa sababu faili zote nne zinatembea pamoja. Nikaacha mapigo 96 palepale, ila fidla za tabaka la nne nikazifanya zikate noti mbili kwa kila pigo. Anayesikiliza anahisi mapigo 192, na bado marimba iliyokuwa ikitembea taratibu inakaa juu yake bila kukwazana. Watu wa ngoma wanalijua hili toka zamani: kasi iko kwenye mkono unaogonga kwa wingi, na mguu unaweza kubaki pale ulipo.

Kuhusu kiungo, pale faili inapomalizika na kuanza upya, ningeweza kuandika siku nzima. Kila sauti nzuri ina mkia. Ukigonga ngoma ndani ya pango, mwangwi unaendelea baada ya mkono kuondoka, na kama faili inakatwa kwenye kipimo cha mwisho, mwangwi nao unakatwa. Ndiyo maana katika gemu nyingi unasikia pengo dogo, au mlio kama wa kidole, kila baada ya dakika moja na kitu. Ninachofanya ni kurekodi mzunguko wote mara mbili mfululizo, kisha kuchukua ule wa pili peke yake. Mzunguko wa pili unaanza ukiwa umebeba mkia wa wa kwanza, kwa hiyo ukiuunganisha na wenyewe, mwangwi unapita kwenye kiungo kana kwamba hakipo. Mara ya kwanza kabisa muziki unapoanza, hutaki mkia wa kitu ambacho hakijapigwa, kwa hiyo kunakuwa na faili fupi ya utangulizi inayoongoza kuingia. Faili za mp3 usizitumie kwa kazi hii. Usimbaji wake huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa faili, na kimya hicho ni sumu kwenye kiungo. WAV au Ogg Vorbis zinatosha.

Hata hivyo kiungo kinachosumbua zaidi ni cha kimuziki. Kordi ya so ikifuatiwa na do inaleta nukta, sikio linapumzika na kusema yameisha. Nukta ikija kila sekunde 80, mchezaji anaanza kuhesabu mizunguko bila kutaka. Nilimaliza vipimo vyangu 32 kwenye kordi ya re ndogo, ambayo haimalizi na wala haidai kumalizwa, na sentensi ya marimba nikaianzisha kipimo kimoja kabla ya kiungo ili iishie upande wa pili. Mtu akijaribu kutaja muziki umeanzia wapi, atataja mahali pengine kabisa.

Chumba cha fumbo kilikuwa na shida ya peke yake. Humo mtu anakaa. Anasogeza mawe, anasoma alama ukutani, anafikiri. Muziki wa sekunde 80 utamzunguka mara ishirini kabla mlango haujafunguka, na ukimchosha atamlaumu msanifu kwa fumbo gumu. Kwa chumba hicho niliacha faili zenye urefu sawa. Niliandika tatu: moja ya vipimo 5, moja ya vipimo 7 na moja ya vipimo 8, kila moja ikijirudia kivyake. Zinaanza pamoja, kisha zinaachana, na hazikutani tena kwenye mwanzo mmoja mpaka vipimo 280 vipite. Kwa kasi ya mapigo 96 hiyo ni dakika 11 na sekunde 40. Nyenzo zote zikiwa vipimo 20 tu, muziki unamtembelea mtu kwa muda wote huo bila kurudia mpangilio uleule. Sharti lake ni kwamba noti yoyote inaweza kukutana na noti yoyote, kwa hiyo nilibaki ndani ya skeli ya noti tano, do, re, mi, so na la, ambamo hakuna noti mbili zinazopishana kwa nusu toni, ule umbali mdogo unaofanya noti zikwaruzane. Pia hakuna melodi humo. Kuna vitone vya sauti vinavyokuja kwa nafasi, kama chumba chenyewe kinawaza.

Melodi inahitaji busara katika gemu. Melodi kali ni zawadi mara tatu za kwanza; ya arobaini ni mateso. Ya kwetu, ile ambayo ningependa watu watoke nayo vinywani, nimeiweka mahali pachache: mchezaji anapoingia eneo jipya la mapango, inapita mara moja kwa filimbi, halafu inajificha. Vipande vyake viwili vitatu vinasikika ndani ya marimba kwa atakayetega sikio. Na katika hali ya utulivu, baada ya mizunguko kadhaa, muziki wote unaondoka na kuacha matone ya maji na hatua za miguu. Minecraft, iliyofika toleo lake kamili mwaka 2011, ilinishawishi katika hili: piano inakuja yenyewe, inasema machache, kisha inapita dakika nyingi bila muziki wowote, na wanaoicheza wanaikumbuka ile piano kwa mapenzi makubwa. Mtu asiyesikia kitu kwa muda atakisikia kikirudi.

Jambo ambalo watunzi wengi hawaambiwi ni nini hutokea mchezaji anapokufa. Gemu nyingi huanza muziki upya. Mtu akifa mara kumi mahali pagumu, sekunde tano za mwanzo wa muziki atazisikia mara kumi na zinazofuata hatazifikia, na punde wale wapiga fidla wanakuwa sauti ya kushindwa kwake. Nilimwomba mwandishi wa programu asiguse tabaka la kwanza kabisa. Mchezaji anakufa, skrini inakuwa nyeusi, ngoma na fidla zinanyamaza, lakini zile la na mi zinaendelea pale zilipokuwa, na anapoamka muziki uko mbele, haujarudi nyuma. Waliojaribu gemu walirudia lile eneo bila kuchoka haraka kama mwanzo. Hakuna aliyetaja muziki kuwa sababu, na sikuwauliza.

Muziki wa gemu hauko peke yake kwenye spika, na hili lilinilazimisha kuondoa vitu nilivyovipenda. Nilikuwa na kayamba tamu kwenye tabaka la pili. Mchezaji anatembea juu ya changarawe, na sauti ya changarawe chini ya kiatu ni kayamba tupu: mchakacho uleule, sauti zilezile za juu. Vikisikika pamoja, hatua zinapotea na kayamba inaonekana imekosea mdundo. Nikaitoa kayamba, na hatua za mchezaji zikawa kayamba yangu, zenye mdundo wake mwenyewe. Kengele ya kuonya kwamba mafuta yanaisha nayo ilikuwa kwenye noti ya si-bemoli, nusu toni juu ya la inayolia muda wote. Ilisikika kama ala iliyotoka kwenye tyuni, na mchezaji alipaswa kusikia onyo. Fundi wa sauti aliipandisha mpaka mi ya juu, na tukakubaliana kwamba kuanzia hapo kila sauti yenye noti, ya kuokota kitu, ya kufungua mlango, ya menyu, ichaguliwe ndani ya skeli ya muziki. Ilitugharimu mchana mmoja tu, na gemu nzima ikaanza kusikika kama kitu kimoja. Kama ningeruhusiwa kumpa mtunzi mwenzangu ombi moja la kupeleka kwa timu yake, ningempa hilo.

Msimulizi anapoongea, hatushushi muziki wote. Maneno yanaeleweka zaidi kwa sauti zilizo kati ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 1,000 na 4,000, kwa hiyo tunapunguza eneo hilo pekee kwenye muziki kwa desibeli chache na kuacha besi na sauti za juu zikae. Mchezaji hahisi kwamba kuna mtu amegusa kitufe. Simu nayo ina yake. Noti yangu ya la ya chini kabisa ni Hz 55, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa. Tabaka la kwanza lote lilikuwa linatoweka. Nilichofanya ni kuikwaruza besi kidogo, ikatoa sauti ndugu zake za Hz 110, 165, 220 na kuendelea. Sikio likizipata hizo, linaijenga lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Usikilize kazi yako kwenye simu mapema, kabla hujaipenda kupita kiasi.

Ninapokwama, zoezi ninaloliamini ni la kurudi kwenye umaskini wa mashine za zamani. Famicom ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 ilikuwa na njia tano za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu ambayo ndiyo ilibeba besi, moja ya kelele kwa ajili ya midundo, na moja ya vipande vifupi vya sauti zilizorekodiwa. Mlio wa kuruka au kuokota sarafu ukija, ulichukua njia mojawapo ya muziki kwa muda, na sauti ile ya muziki ikakatika mpaka mlio upite. Watunzi wa wakati ule walipaswa kuandika muziki unaosimama hata ukinyang'anywa sauti moja. Nami nachukua kipande changu nakiandika kwa sauti tatu kavu, melodi, katikati na besi, kisha nazima moja. Kikianguka, tatizo liko kwenye utunzi na hakuna trombone itakayokiokoa.

Timu iliniuliza kwa nini nisiweke waimbaji. Niliwaeleza kwa mfano ambao msomaji wa Kiswahili ataupata kuliko mtu mwingine yeyote. Muziki wa kwanza ulioandikwa kwa ajili ya gemu kushinda tuzo ya Grammy ni "Baba Yetu" wa Christopher Tin, uliotungwa kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005. Tuzo ilikuja Februari 2011, nayo ilikuwa ya upangaji wa ala zinazosindikiza waimbaji, jambo linalonifurahisha sana kwa sababu upangaji ni nadra kupewa heshima yake. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Kwa wachezaji wengi wa dunia hii yale ni sauti nzuri za binadamu. Sisi tunayasikia maneno, na maneno yanadai kufuatwa. Katika gemu ile wimbo uko kwenye menyu ya mwanzo, mahali ambapo mtu hajaanza kuhangaika na lolote, na hapo maneno yana nafasi yake. Ndani ya pango, mtu akiwa anasikilizia kiumbe nyuma yake, ubeti unaoeleweka utamgawanya. Kwa hiyo mapangoni waimbaji wangu wanaimba "o" na "a" tu, mbali, ndani ya mwangwi. Maneno nimeyaweka kwenye muziki wa mwisho, majina ya waliotengeneza gemu yanapopita. Hapo ndipo peke yake ambapo najua mambo yataanza lini na kuisha lini, na ndipo niliporuhusu so kwenda do kwa mara ya kwanza.

Sheria zote hizi za kuingia na kutoka zinaweza kuwekwa na mtunzi mwenyewe kwa programu kama FMOD na Wwise, bila kumsumbua mwandishi wa programu kwa kila badiliko. Ukiwa nazo, jifunze. Ukiwa huna, injini ya kawaida ya gemu inaweza kucheza faili nne kwa pamoja na kupandisha sauti zake, na hiyo ni sehemu kubwa ya safari.

Sasa tumeanza gemu ya pili, ya mtu anayesafiri kwa ngalawa kati ya visiwa. Safari hii orodha ya hali tumeiandika kabla sijagusa kinanda, na kabla ya muziki nimewapa faili za mfano: mapigo makavu, na juu yake sauti yangu ikitaja hali kwa mdundo, "shwari, shwari", "upepo, upepo", "dhoruba, dhoruba". Ni faili mbaya kusikiliza na hazitafika kwa mchezaji, lakini mtu yeyote kwenye timu akiendesha ngalawa anasikia waziwazi kama "dhoruba" imechelewa au imekuja mapema. Tumeshabadilisha sheria mbili za kuingia na moja ya kutoka kwa kuzisikiliza hizo tu. Wiki hii ndiyo naanza kuiondoa sauti yangu na kuweka ala, nikianzia na besi ya shwari.